Siku Moja Maishani Mwangu: Kupima Watoto Kati ya Ukame na Bunduki, Turkana Kusini

Mimi ni afisa wa lishe katika Turkana Kusini, kaskazini magharibi mwa Kenya, na siku ninayoisimulia ni Jumatano moja ya mwishoni mwa Februari 2023. Mvua zilikuwa zimetukosa misimu mitano mfululizo tangu mwishoni mwa 2020. Katikati ya mwezi huo serikali ilikuwa imewapeleka wanajeshi kuwasaidia polisi dhidi ya wezi wa mifugo wenye silaha katika kaunti za Turkana, Pokot Magharibi, Baringo, Elgeyo Marakwet, Samburu na Laikipia, na kutangaza kafyu ya kuanzia magharibi hadi alfajiri. Msomaji aiweke kafyu hiyo akilini, kwa sababu ndiyo iliyopanga saa zetu zote.

Saa kumi na moja alfajiri nilikuwa stoo nikihesabu katoni za chakula cha tiba, kile ambacho akina mama wa huku hukiita plampi. Kila pakiti ina gramu 92 za njugu zilizosagwa pamoja na maziwa ya unga, sukari, mafuta, vitamini na madini, nayo hutoa takriban kalori 500 bila kuhitaji maji wala moto. Katoni moja ina pakiti 150. Mtoto mwenye uzito wa kilo 7 huhitaji takriban pakiti 20 kwa wiki, kwa hiyo katoni nne tulizopewa zingetosha watoto 30 wa uzito huo, na mimi nilijua tangu hapo stoo kwamba mahali tunapokwenda watoto watakuwa wengi zaidi ya hao. Niliongeza mzani wa kuning'iniza, ubao wa kupimia urefu, tepi za mkono, dawa ya amoksilini, dawa za minyoo, matone ya vitamini A, glukosi na rejista mbili.

Saa kumi na mbili na nusu tuliondoka: dereva, muuguzi mmoja, mimi, na polisi wa akiba wawili waliokaa nyuma. Barabara kuu ya kutoka Lodwar kwenda Kitale inapopita Kalemngorok na kuelekea Kainuk ni mahali ambapo magari yamewahi kumiminiwa risasi mchana kweupe, na siku chache kabla ya kutangazwa kwa kafyu maafisa wa polisi waliuawa katika kipande hichohicho. Kando ya barabara magunia ya makaa yalikuwa yamepangwa chini ya vichaka vya mathenge, na kila gunia lilikuwa na mwanamke aliyekaa karibu nalo akisubiri lori. Mimi huyasoma magunia hayo kabla sijapima mtoto yeyote, kwa kuwa mfugaji haanzi kuchoma makaa mpaka mbuzi wa kuuza wamekwisha.

Tulifika saa mbili asubuhi. Kijiji chenyewe sitakitaja. Ni boma la familia zilizohama kutoka upande wa milimani baada ya mashambulizi na kujenga vibanda vya matawi na maturubai karibu na shule ya msingi, kwa sababu shule iko karibu na kambi ya polisi. Wahudumu wa afya ya jamii walikuwa wamekwisha kuwakusanya akina mama chini ya mgunga mkubwa, na foleni ilikuwa imezunguka shina mara mbili.

Kazi ya kupima yenyewe ni nyepesi kuieleza. Tepi huzungushwa katikati ya mkono wa kushoto wa juu, kati ya bega na kiwiko. Kwa mtoto wa miezi 6 hadi 59, sentimita 12.5 na zaidi ni rangi ya kijani; kati ya 11.5 na 12.5 ni njano, yaani utapiamlo wa kadiri. Chini ya 11.5 ni nyekundu, utapiamlo mkali ambao usipotibiwa huua. Kisha tunabonyeza sehemu ya juu ya miguu yote miwili, chini ya vifundo, kwa kidole gumba kwa sekunde tatu. Shimo likibaki miguu yote, mtoto ana uvimbe wa utapiamlo, na huyo huandikishwa hata kama mkono wake unaonekana mnene. Mwisho tunampa mtoto plampi aile mbele yetu. Anayekula kwa hamu anaweza kutibiwa nyumbani. Anayegeuza uso hawezi, kwa maana mwili wake umeanza kukata tamaa na chakula, na huyo lazima alazwe.

Nilifurahi kuona kwamba baadhi ya akina mama walikuja wakiwa tayari wanajua jibu. Katika miezi iliyotangulia tulikuwa tumewagawia tepi zao wenyewe na kuwafundisha kupima wanao kila wiki, na mama mmoja aliyekuwa hajui kusoma alinyoosha tepi yake na kuniambia, "Daktari, wangu amekuwa wa njano tangu Jumapili, sikutaka angoje awe mwekundu." Naamini kwa dhati kwamba mpango huu wa mama kupima mwenyewe umeokoa watoto wengi huku kuliko gari letu, kwa sababu gari linategemea usalama wa barabara, na tepi iko shingoni mwa mama.

Kufikia saa nne nilikuwa nimezama katika mazungumzo ambayo huwa nayasikia kila mahali, lakini siku hiyo yalisemwa wazi kuliko kawaida. Mama mwenye watoto watano aliniletea mtoto wa kiume wa mwaka mmoja na nusu, mkono sentimita 11.2. Nilimuuliza kama ameharisha, kama amekohoa, kama ana homa. Akajibu, "Daktari, mtoto huyu hakuugua. Maziwa ndiyo yaliyoondoka."

Jibu hilo lina mambo ambayo ripoti nyingi za ukame hazisemi. Katika maisha ya kawaida ya Mturkana, mbuzi na ngamia wakihama kutafuta malisho, akina mama na watoto wadogo huhama nao, wakiwa pamoja na familia nyingine katika kundi moja la wafugaji linaloitwa adakar. Mtoto hufuata maziwa. Ukame mkali hupunguza maziwa hayo, lakini hauyaondoi yote, kwa sababu daima kuna bonde au mteremko wenye majani kidogo. Mwaka huo majani yaliyobaki yalikuwa kwenye miteremko ya mpakani kati ya Turkana na Pokot, na huko ndiko kwenye risasi. Basi wanaume na vijana wenye bunduki wakawachukua mifugo waliosalia wakaenda nao, na akina mama wakaachwa karibu na barabara na kambi ya polisi, mahali salama zaidi lakini pasipo na titi la mbuzi. Mtoto amekingwa na risasi kwa kutenganishwa na chakula chake. Ndiyo maana siwezi kukubali tunapoambiwa tuandike sababu moja katika fomu, ukame au vita; kwa mtoto wa miezi 18 hivyo viwili vimefungwa katika fundo moja.

Nyanya mmoja aliyekuwa akisikiliza alidakia kwamba hali kama hii aliiona katika Lopiar, njaa kubwa ya karibu mwaka wa 1980, ambapo ukame, maradhi ya mbuzi na uvamizi vilikuja kwa pamoja na kuwafagia watu na mifugo. Alisema wakati ule walichemsha matunda ya edung mara nyingi, wakimwaga maji kila mara ili uchungu utoke, na kwamba sasa wanayachemsha tena. Nilipotazama vibandani niliona sufuria hizo motoni, na watoto wakitafuna maganda ya makoma, tunda la mkoma, ambalo hujaza tumbo na kulipa mwili kidogo sana.

Niseme pia, kwa kuwa ni haki kusema, kwamba ng'ambo ya mpaka akina mama wa Kipokot wanapanga foleni ileile. Wenzangu wanaofanya kazi upande huo hunisimulia habari zinazofanana na zangu: wanaume wako malishoni na silaha, watoto wamebaki, zahanati imefungwa kwa hofu. Tathmini za katikati ya 2022 zilikadiria kwamba watoto zaidi ya 900,000 walio chini ya miaka mitano katika kaunti kame na nusu kame za Kenya walihitaji matibabu ya utapiamlo, na hesabu hiyo inawajumlisha watoto wa jamii zote mbili zinazowindana.

Saa sita hivi aliletwa mtoto wa kike wa miezi tisa. Hakulia alipovuliwa nguo. Mkono ulikuwa sentimita 10.4, ngozi yake baridi ijapokuwa jua lilikuwa utosini, na plampi ilipoguswa midomoni aligeuza uso. Tulimpa maji ya glukosi kidogo kidogo kwa kijiko, maana sukari ya damu hushuka upesi kwa watoto wa namna hii, na muuguzi akamwonyesha mama jinsi ya kumbandika kifuani, ngozi kwa ngozi, na kujifunika shuka pamoja naye. Mtoto wa hivi hapaswi kupewa chakula kingi kwa pupa. Hospitalini huanzishiwa maziwa mepesi ya tiba yaitwayo F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kila baada ya saa mbili au tatu, mchana na usiku, mpaka mwili uweze kuhimili zaidi.

Mama yake alikataa kwenda. Wako watu watakaomhukumu, mimi simhukumu. Alikuwa na watoto wengine wanne kibandani, mume yuko malishoni mahali pasipo na mtandao wa simu, na kafyu ilimaanisha kwamba akiingia garini nasi hawezi kurudi siku hiyo hata wao wakipatwa na jambo gani. "Nikiondoka na huyu mmoja," alisema, "wanne nawaachia nani?" Tuliketi naye karibu saa nzima. Mzee wa kijiji aliitwa na kusema kwamba mume akirudi yeye ndiye atakayemweleza. Nyanya yule wa Lopiar akawachukua watoto wawili wakubwa, na jirani aliyekuwa amepokea mgao wake wa plampi akawachukua wadogo. Ndipo mama akapanda gari.

Tulijua wote kwamba plampi ya yule jirani italiwa na watoto wengi zaidi ya yule aliyeandikishwa. Kila semina ninayohudhuria hueleza kugawana huko kama tatizo la elimu, kana kwamba mama hajui kuwa ni dawa. Anajua. Lakini hakuna mama atakayemlisha mtoto mmoja huku ndugu zake wamekaa kandokando wakitazama, na mimi nisingemwamini anayesema angeweza. Tiba ya mtoto mmoja bila chakula cha nyumba nzima huturudishia mtoto yuleyule baada ya miezi miwili, na rejista yangu imejaa majina ya namna hiyo.

Saa nane nilipita shuleni kuzungumza na mwalimu aliyebaki. Madarasa mawili yalikuwa yamelaliwa na familia usiku uliotangulia. Siku za kuwepo kwa chakula, alisema, wanafunzi huja wameshika mikono ya wadogo zao ambao hawajafika umri wa shule, na kila mmoja hula nusu ya sahani yake. Siku chakula kikikosekana, madawati hubaki matupu na watoto huonekana kwenye laga, mto mkavu, wakichimba mchanga kutafuta maji. Alinionyesha kisima kimoja ambacho msichana alikuwa ameingia hadi kichwa kisionekane, akijaza kibuyu kwa kikombe. Nilimwomba mwalimu aniruhusu kupima wadogo hao hapohapo shuleni wiki ijayo, kwa sababu hawakuwa katika foleni yetu ya asubuhi, na akakubali mara moja.

Saa tisa alasiri polisi wa akiba walitwambia tufunge. Pakiti zilikuwa zimekaribia kwisha mapema zaidi ya hapo. Tuliwaandikisha watoto wa mwisho na kuwapa nusu ya mgao kila mmoja, jambo ambalo mwongozo haulipendi lakini ambalo kila mtu aliyewahi kusimama mbele ya foleni hiyo angelifanya. Safari ya kurudi ilikuwa ya kimya, muuguzi akimwangalia mtoto kila mara na kumpa kijiko kingine.

Saa kumi na moja jioni tulimfikisha wodini. Alipimwa joto na sukari, akawekewa mrija wa puani, na mlo wa kwanza wa F-75 ukaingia. Wodi ilikuwa na watoto wawili kwa baadhi ya vitanda. Wauguzi wa zamu walikuwa wachache, na wanaostahili sifa za siku hii ni wao, kwa kuwa kulisha kila baada ya saa mbili usiku kucha ndiyo tiba yenyewe.

Saa mbili usiku nilikaa na rejista. Niliandika takwimu zinazotakiwa, kisha nikaandika barua ya ziada kwa ofisi ya lishe ya kaunti, ambayo kiini chake ni hiki: kliniki yetu ihamie karibu na mifugo badala ya kungoja watoto barabarani, wazee wa pande zote mbili waombwe kukubaliana juu ya ukanda mmoja wa malisho ambamo akina mama na watoto wanaweza kukaa na mbuzi wanaokamuliwa, hata kama mapatano hayo ni ya msimu mmoja tu, na kila familia yenye mtoto aliyeandikishwa ipewe unga, maharagwe na mafuta pamoja na plampi. Niliambatisha majina ya wazee wawili walio tayari kuzungumza, nikaomba katoni nane kwa Jumatano inayofuata, na nikaituma kabla mtandao haujakatika.