Presha iliyongoja hedhi ikome

Ukikaa nyuma ya kaunta ya kemisti hapa Umoja kwa muda, unaanza kubashiri namba kabla mashine haijalia. Mwanamume wa miaka 35 mwenye kitambi na kazi ya usiku: 138 kwa 88, hapo hapo. Mke wake, umri uleule, sufuria ileile: 112 kwa 70. Halafu aje mama wa miaka 53, mwembamba, anayepanda na kushuka na mzigo wake wa sukuma kutoka soko la Mutindwa, mashine itoe 158 kwa 96, naye aniangalie kana kwamba mimi ndiye niliyempandishia.

"Daktari, mimi sijawahi kuwa na presha. Hata kliniki ya wajawazito walikuwa wananisifu. Na sijabadilisha chochote." (Mimi si daktari, nina diploma ya famasia tu, lakini mtaani kila aliyevaa koti jeupe ni daktari.)

Huwa nauliza: mama, hedhi ilikoma lini? Wengine hucheka. Wengine hugeuka kwanza waone kama kuna mwanamume kwenye foleni.

Kweli hajabadilisha chochote. Ni ovari zake zilizostaafu. Estrojeni, homoni ya kike inayotoka huko, huamsha utando wa ndani wa mishipa ya damu utengeneze gesi iitwayo nitriki oksaidi. Ndiyo gesi iliyowapa Furchgott, Ignarro na Murad Tuzo ya Nobel mwaka 1998, kwa kuonyesha jinsi inavyopeleka ujumbe kwenye moyo na mishipa. Misuli ya mshipa hulegea, mshipa hupanuka, damu hupita bila kusukumana. Estrojeni hiyohiyo hutuliza mfumo wa renini na anjiotensini, ule unaobana mishipa na kuyafanya maji na chumvi yabaki mwilini. Enalaprili na losatani ninazouza kutwa zinapigana na mfumo huohuo. Yaani kijana wa kike anatembea na kidonge kidogo cha presha alichopewa bure na mwili wake.

Projesteroni, homoni nyingine ya ovari, nayo haijakaa bure. Kwenye figo kuna homoni nyingine, aldosteroni, inayoamuru chumvi isitoke na mkojo. Projesteroni hukalia nafasi yake, chumvi ikatoka.

Estrojeni na projesteroni zikiisha, mishipa hukakamaa na figo zinashikilia chumvi. Ile chumvi ya pembeni ya nyama choma aliyokuwa akichovya bila wasiwasi sasa inaonekana kwenye mashine. Ndiyo sababu wanawake wengi huwa chini ya wanaume wa rika lao ujanani, kisha wakifika miaka ya sitini wanawafikia, hata kuwapita. Aliyetolewa ovari zote mbili mapema, au aliyekoma hedhi kabla ya miaka 40, hana sababu ya kungoja hamsini ndipo apimwe.

Kinachoniudhi ni jinsi kila kitu cha mama wa umri huo kinavyotupwa kwenye kapu la "mambo ya umri". Mmoja wa chama chetu alizunguka na kichwa kinachogonga na moyo unaoenda mbio. Kliniki moja ikamwambia avumilie, ni joto la ghafla la kukoma hedhi, litapita. Hakuna aliyemfunga mkanda mkononi. Nilipompima, 172 kwa 104. Nikamkalisha, akapumzika, nikarudia, ikashuka kidogo tu. Siku hiyo sikumuuzia hata panadoli. Nilimpeleka kwa daktari wa kweli.

Wenye akili ya biashara huniuliza: basi si uniuzie hizo homoni? Hapana. Marekani walifanya jaribio kubwa la wanawake 16,608 waliokwisha koma hedhi, kundi moja likapewa estrojeni pamoja na projestini, dawa inayofanya kazi kama projesteroni. Mwaka 2002 lilisimamishwa mapema kwa sababu saratani ya matiti, kiharusi na mshtuko wa moyo viliongezeka. Homoni za kutuliza joto la ghafla zipo, na daktari anaweza kuziandika kwa anayefaa, lakini hazitolewi kama dawa ya presha. Kwa presha tuna dawa zake, nyingine bei ya soda.

Na kuna kinyume chake kinachowachanganya hata wasomi: vidonge vya kupanga uzazi vyenye estrojeni vinaweza kupandisha presha. Estrojeni ya kiwandani ikimezwa hupita kwanza kwenye ini, na ini likaichukua kama amri ya kumwaga zaidi ile malighafi ya anjiotensini. Kwa wengi inapanda kidogo tu, kwa wachache inaruka. Kwa hiyo dada akija kuulizia vidonge hivyo, hata awe na miaka 22 na haraka ya matatu, namfunga mkanda kwanza. Wengine hununa. Wanune tu, mashine yenyewe haimalizi dakika.