Ili maji yaachie

Tangu Jumamosi maneno ya Baba hayanitoki. Nimelala nayo, nimeamka nayo, nimekwenda nayo zamu ya usiku, na leo naona bora niyaandike, huenda yakatulia.

Mnaonifuata mwajua Baba si mtu wa simu. "Shikamoo Baba." "Marahaba, hamjambo huko? Baridi bado? Haya, huyu hapa mama yako." Miaka yote hii ya Minnesota hajaniuliza swali moja, si la kazi, si la nyumba. Jumatano nimekula kiapo cha uraia, picha mmeziona, naye akasema Mungu akubarikie, simu ikaenda kwa Mama.

Basi Ijumaa niliwatumia video ya Beaver yangu, kindege cha kurusha kwa rimoti. Ile ile ya povu gumu, mabawa karibu mita moja na nusu, mfano wa ndege ya Kanada iliyoruka mara ya kwanza 1947. Nimeivua magurudumu, nimeivika maboya yake mawili, namba ya usajili nimeibandika ubavuni, na baba watoto akapiga picha kutoka gatini. Ziwa lilikuwa shwari mno. Watu hudhani maji shwari ndiyo mazuri, kumbe ndiyo yanayonyonya maboya, ndege ikakimbia na kukimbia isiachane na maji. Niliizungusha ipite kwenye viwimbi vyake yenyewe, nikavuta mkia kidogo mpaka ikapanda juu ya maji, nikalegeza ishike kasi, kisha nikainua bawa la kulia kidogo tu. Boya la kulia likatoka, la kushoto likafuata, matone yakidondoka.

Jumamosi simu ikalia saa moja asubuhi, Lamu saa tisa alasiri. Nikajua ni Mama. Alikuwa Baba, na hakungoja hata shikamoo.

"Mbona chini wameyakata?"

"Kitu gani, Baba?"

"Hayo mashua yake mawili. Tumbo laja sawasawa kutoka omo, huko mbele, likifika kati limekatwa, kisha laendelea kwa juu zaidi. Fundi gani hukata tumbo la chombo?"

"Baba, wamekata ili…"

"Ili maji yaachie," akamaliza mwenyewe.

Ndiyo. Ili maji yaachie. Maji hung'ang'ania tumbo lililoviringana. Ule mkato, ambao kwenye ndege yangu haufiki hata kina cha ukucha wa kidole gumba, huingiza hewa chini ya boya, na nusu ya nyuma ikabaki huru, pua ikaweza kuinuka. Mimi hilo nimelisoma. Yeye kaliona kwenye kioo cha simu. Mtu aliyezaliwa Matondoni, kijiji cha Lamu cha mafundi wa majahazi, aliyechonga mkuku, ule uti wa chini wa chombo, na kupanga mataruma, mbavu zake, tangu hajaota ndevu, vyombo vyote alivyojenga vilitakiwa vikae na maji, hakuna hata kimoja kilichotakiwa kuyaacha.

Hakuishia hapo. Akataka kujua mkato umekaa wapi. Nikamwambia ukiibeba ndege kwa vidole viwili chini ya mabawa ikalala sawa, mkato uko nyuma kidogo ya hapo.

"Kidogo kiasi gani?"

"Upana wa kidole."

Akaguna. Mguno ule naujua, ndio aliokuwa akimpa fundi mwenziwe aliyepiga ubao ukakaa pasipo kuguswa tena. Sikuwahi kuupata mimi. Nilisimama jikoni na simu sikioni, chai ikachemka mpaka ikamwagika, sikuigusa.

Halafu Mama akachukua simu. Akanieleza kwamba video Baba hakuiona hivi hivi. Mtoto wa kaka alimsimamishia picha, akaikuza, akamsogezea mpaka karibu na pua. Mtoto wa jicho umeshafunga la kushoto na sasa unalinyemelea la kulia. Daktari Mombasa alishampa tarehe, tarehe ikapita, safari hataki, na kaka yangu anasema tumwache mzee na lake. Tumwache vipi? Jicho linalouona mkato wa ukucha kwenye simu, ndilo tuliache lifunge? Nilikasirika mpaka mikono ikatetemeka, na kaka nimemwandikia ujumbe mrefu ambao mpaka sasa hajaujibu.

Kwa nyuma nikamsikia Baba: "Mwambie ayatikise maboya akiyatoa. Hakuna chombo kisichovuja."

Nimeyatikisa. La kushoto lina maji, kama kijiko cha chai hivi, nimelisimamisha wima bafuni likauke.

Nauli ya Mombasa nitatuma Ijumaa mshahara ukiingia, na mtu wa kumsindikiza nitamtafuta mwenyewe. Ila leo imekuja barua nyingine ya mwenye nyumba. Jirani wa juu naye kapata, yake ameshaifungua, anasema kodi inapanda kuanzia Novemba. Sijui tutahamia wapi na shule ya mtoto ndiyo kwanza imeanza.