Shehena isipofika: reli za ndani ya neva na demensia

Mtoto anayetibiwa saratani ya Burkitt, ile ya kuvimbisha taya ambayo kanda ya Ziwa inaijua mno, huanza kupoteza slipa. Wiki chache baada ya sindano za vinkristini, vidole vya miguu havishiki tena. Slipa inaponyoka njiani, na akitembea anaburuta ncha ya mguu. Mama hudhani ni unyonge wa ugonjwa, kumbe ni dawa. Vinkristini hutokana na ua la rangi ya waridi lenye petali tano ambalo watu wengi wamelipanda uani, na kazi yake ni kuzuia vipande vya protini iitwayo tubulini visiungane kuwa vijibomba. Seli ya saratani ikikosa vijibomba haiwezi kugawanyika, na hapo ndipo dawa inapoponya. Lakini neva nazo zina vijibomba hivyo hivyo. Neva haigawanyiki, inavitumia kama reli za kupitishia mizigo. Ndiyo sababu dozi moja kwa kawaida haivushwi miligramu 2 hata mgonjwa awe mkubwa wa mwili, na ndiyo sababu ganzi inaanzia vidoleni, mwisho wa neva zilizo ndefu kuliko zote.

Ukiielewa hiyo slipa, nusu ya demensia, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na akili, umeielewa. Maelezo mengi yanaishia kwenye "uchafu unaojaa ubongoni". Uchafu upo kweli, ila kinacholingana zaidi na kiasi cha kumbukumbu aliyopoteza mgonjwa ni idadi ya sinapsi zilizokufa, yaani zile ncha ambako neva moja huzungumza na nyingine. Na ncha huishi kwa kuletewa.

Tuanze na umbali. Neva inayohisi kidole gumba cha mguu ina kiwiliwili kando ya uti wa mgongo, pengine mikromita 20 tu kwa upana, na mkia wake, yaani akzoni, unateremka karibu mita moja hadi kidoleni. Kikuze kiwiliwili hicho kiwe duka la mita 4 mjini Nakuru: akzoni itapita Salgaa, Mau Summit, Kericho, Awasi na Ahero, iingie Kisumu na bado ibaki. Karibu protini zote hutengenezwa ndani ya lile duka. Ncha za mbali zina viwanda vidogo vya dharura, lakini havitoshi kuzilisha. Ubongoni akzoni nyingi ni fupi kuliko hiyo, ila zina matawi, na neva moja huweza kuwa na maelfu ya sinapsi zinazongoja shehena.

Mbebaji wa kwenda mbele ni kinesini. Iligunduliwa mwaka 1985 na Ronald Vale, Thomas Reese na Michael Sheetz, walipokuwa wakichunguza akzoni nene ya ngisi huko Woods Hole, Marekani. Ina nyayo mbili. Mmoja ukishika kijibomba, wa pili unarushwa mbele, na mwili wote unasogea nanomita 8 kwa kuteketeza molekuli moja ya ATP, mafuta ya seli. Maabarani hupiga kama hatua 100 kwa sekunde. Mita moja ni hatua milioni 125! Wala kinesini moja haiimalizi safari hiyo, kwa sababu huachia baada ya mwendo wa karibu mikromita moja, hivyo kifuko kimoja cha mzigo hushikwa na kadhaa zinazopokezana. Kwa jumla vifuko vya haraka husafiri milimita 50 hadi 400 kwa siku. Protini za kukarabati reli yenyewe ni za polepole mno, milimita moja kwa siku au chini yake. Inayotoka mgongoni leo itafika kidoleni baada ya miaka 3 hivi.

Kurudi kuna mbebaji mwingine, daineini. Huyu huchukua mitokondria (mitambo ya nishati ya seli) zilizochakaa na protini zilizoharibika, azirudishe kwenye kiwiliwili ambako lisosomu zenye asidi huzisaga. Huchukua pia ujumbe kutoka ncha, wa kuiambia seli kwamba huku bado tuko hai. Kwa hiyo njia ikiziba, madhara ni mawili kwa wakati mmoja: ncha inakosa chakula, na taka zinalala pale pale zilipo. Paul Weiss na Helen Hiscoe walilionyesha jambo hili mwaka 1948 kwa kuibana neva tu. Upande wa juu wa pale palipobanwa ulivimba, kama maji nyuma ya ukuta wa bwawa.

Sasa tau. Reli iliyofika Kisumu mwaka 1901 ilishikwa na mataruma, na tau, protini nyingine ya neva, ni kama mataruma ya vijibomba: hulala juu yake na kuvituliza. Seli huiongoza kwa kuibandika fosfeti na kuibandua. Tau ya kawaida ina fosfeti mbili au tatu kwa molekuli. Ya mgonjwa wa Alzheimer, aina mojawapo ya demensia, huwa nazo mara tatu hadi nne ya hapo. Fosfeti ina chaji hasi, kijibomba nacho kina chaji hasi, basi tau iliyobandikwa kupita kiasi inasukumwa na kuachia. Ikishaachia hurudi mahali isipotakiwa, kwenye kiwiliwili, na kusokotana kuwa mafundo yale ambayo Alois Alzheimer aliyaeleza mwaka 1906. Mfano wa mataruma una mpaka, lakini. Tau ikizidi juu ya reli nayo ni kikwazo, maana kinesini ikikutana nayo huanguka kwa urahisi kuliko daineini. Kwa hiyo anayesema tuiondoe tau yote na anayesema tuigandishe relini, wote wawili naona wanaharakisha.

Kwamba tau peke yake yaweza kuua seli, hilo halina ubishi tena. Mwaka 1998 ilionekana kuwa hitilafu kwenye jeni yake, iliyo kromosomu ya 17, huleta demensia ya sehemu ya mbele ya ubongo, hata pasipo amiloidi, ule uchafu wa protini unaorundikana nje ya neva.

Na amiloidi je? Hapa mfano wa samaki unafaa kuliko wa taka. Lori la samaki kutoka Kisumu likifika Nairobi kwa saa zake, ni samaki. Likikwama Mau Summit siku nzima barafu ikayeyuka, kilichomo kinageuka chenyewe bila mtu kukigusa. APP ni protini inayosafiri kwa kinesini. Kimeng'enya kinachoikata, BACE1, hufanya kazi ndani ya vifuko vyenye asidi. Viwili hivyo vikikaa kifuko kimoja kwa muda mrefu, APP inakatwa na vipande vya amiloidi vinazaliwa. Kuna protini iitwayo SORL1 ambayo kazi yake ni kuichambua APP na kuitoa humo mapema, na watu waliorithi nakala yake mbovu wako kwenye hatari kubwa zaidi ya Alzheimer. Kisha amiloidi nayo huisumbua njia, na duara linajifunga.

Ajali ya kichwa huonyesha haya waziwazi. Kichwa kikigonga lami, akzoni huvutwa ghafla, vijibomba vinavunjika, na ndani ya saa chache APP inarundikana kwenye vivimbe vidogo vidogo. Wataalamu wa patholojia hutumia mrundiko huo kuthibitisha jeraha la akzoni. Kofia ya bodaboda inalinda reli, si fuvu tu.

Ugonjwa wa Alzheimer hushika mapema gamba la entorhinali, mahali ambapo kumbukumbu mpya hupitia na ambapo ubongo huchora ramani ya njia. Hivyo mzee huuliza jambo moja mara tano, na hupotea kwenye mtaa aliozeekea. Akikutwa saa tisa usiku kwenye boma la jirani, nguo nusu, huku kwetu kuna atakayepiga kelele kwamba ni jajuok, yaani mchawi. Kisii, mwaka 2008, watu 11 walichomwa wakidaiwa wachawi, na wengi wao walikuwa wazee. Nayaandika haya nikijua kwamba dalili ya reli iliyokatika inaweza kumletea mtu kiberiti.

Tiba zipo kiasi. Lekanemabu, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2023, husafisha amiloidi na ilipunguza kasi ya kudhoofika kwa asilimia 27 katika miezi 18. Kwa kawaida huanza na dripu kila wiki mbili, na hutaka picha za MRI za kukagua uvimbe na damu ubongoni. Kwamba faida si kubwa zaidi hakunishangazi: kuliondoa lori lililooza hakurudishi reli wala ncha zilizokwisha kufa.

Kabla ya kumwambia mtu kwamba nyanya yake ana Alzheimer, kuna vitu vya kupimwa ambavyo hospitali ya kaunti inavimudu au inajua pa kuvipeleka: vitamini B12, homoni ya tezi ya shingo, sukari, presha, VVU, kaswende, masikio na macho. Mwenye kisukari aliyetumia metformini kwa miaka ndiye wa kupimwa B12 kwanza, kwani dawa hiyo hupunguza ufyonzwaji wake. Aliyeanguka wiki kadhaa zilizopita, hata kwa kugonga kichwa kidogo tu, anahitaji picha ya CT, kwa sababu damu huweza kujikusanya polepole chini ya fuvu na kuufinya ubongo. Na mwambieni aje na mfuko wake wote wa vidonge, si zile za presha pekee. Klofeniramini ya mafua na amitriptilini ya kulala humvuruga mzee akili, na mara nyingi zinanunuliwa dukani bila daktari kujua. Zimwage mezani, muulize nyanya, "Dani, hii unameza saa ngapi?", na uhesabu moja moja.