Nilivyohamishwa na "binti wa mwenye nyumba" huko Scarborough

Kwa miaka sita tulipanga ghorofa ya juu ya nyumba moja huko Scarborough, mashariki mwa Toronto, kwa kodi ya dola 1,650 hivi kwa mwezi. Mkasa wote ulianzia kwenye kodi hiyo, kwa sababu katika nyumba za zamani kama ile, sheria ya Ontario, jimbo letu huku Kanada, haimruhusu mwenye nyumba kumpandishia mpangaji aliyemo zaidi ya kiwango cha serikali, ambacho mwaka 2024 kilikuwa asilimia 2.5, ilhali nyumba ikishakuwa tupu hujipangia bei aitakayo. Siku aliponiandikia kwa WhatsApp kwamba binti yake anakuja kuishi humo na tuwe tumeondoka mwisho wa mwezi, nilicheka, kisha nikaogopa.

Mzee mmoja ninayesali naye aliniambia, "Mwanangu, nyumba ni ya mtu; akiitaka mpe, usije ukatolewa vyombo nje." Namheshimu sana, lakini ushauri ule ulikaribia kutuweka barabarani. Ujumbe wa simu si notisi. Anayetaka nyumba kwa makazi yake, ya mwenzi wake, ya mzazi au ya mtoto wake hutoa fomu ya N12, yenye siku zisizopungua 60 na tarehe ya mwisho inayoangukia siku ya mwisho ya kipindi cha kodi, na wakati wetu ilimbidi amlipe mpangaji fidia ya kodi ya mwezi mmoja. Hata hapo mpangaji anaweza kubaki mpaka Baraza la Wenye Nyumba na Wapangaji, linaloamua mashauri ya kupanga nyumba, litoe amri, na wa kumtoa kwa nguvu ni sherifu, afisa wa mahakama, peke yake.

Sasa nisimulie upumbavu wangu. Mwezi Februari aliniletea fomu ya kututaka tuondoke tarehe 15 Aprili, wakati kodi yetu hulipwa tarehe mosi. Fomu ya namna hiyo hukwama mbele ya Baraza, na mtu mwenye akili angenyamaza. Mimi, kwa kiherehere cha kutaka aone kwamba nimesoma sheria, nikamwonyesha kosa lake kwa kidole, palepale mlangoni. Akanishukuru, akarudi mwezi wa Machi na fomu safi ya tarehe 31 Mei. Mke wangu hajaacha kunikumbusha mpaka leo.

Tuliondoka bila kungoja shauri, kwa kuwa maneno ya kwenye ngazi yalikuwa yametuchosha na, nikiri, habari ya binti niliiamini. Fidia alilipa.

Mwezi wa Septemba shemeji yangu, mke wa binamu yangu, alikuwa akitafuta nyumba mtandaoni akakuta dirisha la jikoni kwetu. Kodi: dola 2,300. Kabla ya jambo lolote nilipiga picha ya skrini yenye tarehe. Kisha shemeji, mwenye sauti ya upole isiyomtisha mtu, akampigia mwenye nyumba kama mteja na kumuuliza nani aliishi humo kabla. Akajibiwa bila wasiwasi kwamba kulikuwa na familia moja iliyotoka mwezi Mei, na tangu hapo nyumba ni tupu. Akaomba video, akatumiwa. Hata rangi hakuwa amepaka: kwenye fremu ya mlango wa jikoni zilionekana alama za penseli za urefu wa mwanangu, kila moja na tarehe yake kwa mwandiko wangu. Niliitazama video ile mara kumi, na si kwa ajili ya ushahidi tu.

Nikajaza fomu ya T5, ya kulalamika kwa Baraza kwamba notisi haikuwa ya nia njema, ambayo ada yake haikufika dola sitini na ambayo lazima ipelekwe ndani ya mwaka mmoja tangu kuhama. Wanasheria wa kliniki ya msaada wa kisheria, ambao hawatozi kitu, walinieleza kwamba nyumba ikitangazwa tena kupangishwa ndani ya mwaka huo, sheria humchukulia mwenye nyumba kuwa hakuwa na nia njema, na mzigo wa kuthibitisha vinginevyo ni wake. Alipoiona video yake mwenyewe kwenye kikao cha usuluhishi, aliomba tuelewane. Tulikubaliana fedha zilizofidia tofauti ya kodi ya mwaka mzima na gari la kuhamia, na chenji ikabaki.

Wiki iliyopita yule mzee alinipigia simu usiku. Mwenye nyumba wake naye amepata binti.