Siku niliyomuoa mkwe wangu bila kukusudia

Ilikuwa Juni 2019 hapa Minnesota, Marekani, nimetoka shifti ya usiku weahausi, yaani ghalani, sikupita hata nyumbani, na mabuti yangu ya kazi miguuni nikaenda moja kwa moja shuleni kwa mwanangu, siku hiyo anamaliza darasa la tano. Huku shule ya msingi sehemu nyingi inaishia la tano, siyo la saba kama kwetu Tanzania, na hakuna cha mtihani wa taifa wala kusubiri majina, mtoto anavuka tu. Mi nilimaliza la saba 1972, enzi hizo nafasi za sekondari ni za kuhesabu, darasani kwetu walichaguliwa wawili na mimi sikuwemo, nikachukua kidaftari changu nikarudi nyumbani kushika jembe na hakuna aliyenipigia makofi. Kwa hiyo barua ilipokuja kwamba kuna sherehe nikasema hii hata kama nimekesha naenda. Mama yake alikosa ruhusa kazini, akaniambia piga picha nyingi na usisinzie.

Nilikuwa na miaka 61, mtoto 11. Nimempata uzeeni, tena nimempata kwa fomu. Nilikuja huku 2006 kwa ile bahati nasibu ya grini kadi, kibali cha kuishi Marekani, nikarudi likizo nikaoa, mtoto akazaliwa 2008 mi niko huku nabeba boksi. Nikasubiri kwanza uraia ndo niwaombee, maana foleni ya mwenye grini kadi inasuasua, halafu kumbe raia ukimwombea mke fomu yake haimbebi mtoto, kila mtu na fomu yake na ada yake, na hilo nimekuja kulijua nimeshajaza moja nimekaa nasubiri kama mjinga. Wakatua Januari 2015, nje barafu mpaka magotini. Mtoto miaka yote ile alilelewa kijijini na bibi yake mzaa mama, mimi alinijua kama sauti ya kwenye simu, na siku ya uwanja wa ndege alinishikamoo kwa adabu zote halafu akarudi kujificha nyuma ya koti la mama yake.

Shikamoo hiyo alikuwa anaigawa kwa kila mtu. Wakampeleka darasa la kwanza kwa kuangalia umri, na kila asubuhi akipanda basi la njano anamwamkia dereva, mpaka yule mama akaniuliza hivi huyu mtoto ananiambiaga nini. Nikamweleza ni salamu ya wakubwa. Akacheka, akasema kwa hiyo nimezeeka. Darasani walikuwa wanamtoa kwenda kwa mwalimu wa Kiingereza, na kila majira ya baridi kuna mtihani wa kusikiliza, kuongea, kusoma na kuandika, kuongea alipasua mapema ila kuandika ndo kulimkaba mpaka la nne. Baada ya hapo akaanza kunisahihisha mimi.

Basi, sherehe yenyewe ilikuwa kafeteria, meza zimekunjwa zimeegemezwa ukutani, piza ya jana bado inanukia. Wazazi waliojaa mle ndani wengi ningeweza kuwazaa. Sasa shule ilikuwa imeomba kila mtoto alete picha ya uchanga wake, na kabla ya vyeti wakawa wanazipandisha moja moja ukutani. Picha baada ya picha ni baba kashika kichanga hospitalini, anacheka, nywele zimevurugika. Hapo nikaanza kujisikia vibaya maana najua yetu inakuja. Ikaja. Mwanangu kabebwa na bibi yake mlangoni, kanga kifuani, bibi kamkazia macho mpiga picha kama anamdai. Picha ya mimi nimembeba akiwa mchanga haipo, haikuwahi kuwepo. Machozi yakanitoka, sijui ni usingizi sijui ni nini.

Mama mmoja aliyekaa pembeni yangu akaniona. Akaninong'oneza kwa upole kabisa, yule kwenye picha ni mke wako?

Mkwe wangu jamani! Mama ambaye hata kwenye video nikiongea naye naangalia chini. Nilitaka kusema hapana, ila hiyo hapana ingedai maelezo, mara kwa nini bibi, mara wewe ulikuwa wapi, na mi sina nguvu, nimesimama masaa kumi usiku kucha. Nikaitikia ndiyo. Akanishika bega, hongera babu, mmelea vizuri.

Nikanyamaza. Mwanangu akaitwa, akapokea cheti, akanitafuta kwa macho mpaka akaniona. Nikapiga picha kumi na kitu, nusu zimetoka vidole vyangu.

Ningejua ingeishia pale ningeshukuru. Tunatoka mlangoni yule mama akamkumbatia kijana, akamwambia babu yako alikuwa analia wakati picha ya bibi inapita. Mtoto akaniangalia, hakusema kitu. Tukafika kwenye gari, nikafunga mkanda, ndo akauliza kwa Kiswahili chake kile kile cha kijijini, "Baba, umemwambia kwamba bibi ni mke wako?"

Nikasema nilichoka mwanangu.

"Bibi ni mke wangu mimi," akasema. Na kweli bibi tangu akiwa mdogo alikuwa anamwita mume wangu. "Yaani umeninyang'anya."

Kabla sijawasha gari keshachukua simu yangu anapiga Tanzania, kule ni saa moja usiku, bibi akapokea fasta. Shikamoo bibi, nimemaliza shule, halafu bibi, baba huku anasema wewe ni mke wake. Kimya. Kimya cha muda hivi, nasikia jogoo wa watu anawika bila mpangilio, halafu sauti ya mkwe wangu, taratibu, "Hebu mpe simu baba yako."

Nikalaza kichwa kwenye usukani nikaanza kukoroma.