Nilivyopanda "magugu" ili niishinde kayongo

Robo ekari niliyoonyeshwa na mama mkwe nilipoolewa Ugenya, magharibi mwa Kenya, ilikuwa imejaa kayongo, gugu linalonyonya mahindi. Mahindi yakifika magotini yananyauka hata mvua ikinyesha, kisha maua ya zambarau yanachomoza chini yake, mazuri kabisa ukiyatazama kwa mbali. Niliyang'oa misimu miwili. Kumbe nilikuwa nachelewa: kayongo inapoonekana juu, tayari imeshakaa wiki kadhaa ikinyonya mizizi ya mahindi. Na mmea mmoja ukikomaa humwaga maelfu kwa maelfu ya mbegu, laini kama vumbi, zinazoweza kungoja udongoni zaidi ya miaka kumi.

Habari za sukuma-vuta nilizipata kwenye chama chetu cha akina mama. Ni mbinu ya watafiti wa ICIPE, taasisi ya utafiti wa wadudu, wale wenye kituo Mbita kando ya Ziwa Victoria. Unapanda desmodiamu, mmea wa jamii ya kunde unaotambaa, katikati ya mistari ya mahindi, na nyasi za mifugo kama nepia au brakiaria kuzunguka shamba. Mizizi ya desmodiamu huamsha mbegu ya kayongo lakini huizuia kushika mahindi, basi inakufa njaa.

Mama mkwe alinisikiliza mpaka mwisho. "Nyar Gem," yaani binti wa Gem, kwetu nilikozaliwa, "sisi tunang'oa nyasi, wewe unazileta? Na maharagwe yangu utayaweka wapi?"

Swali la maharagwe lilikuwa la haki. Nilimpandia kati ya shina na shina la mahindi, akanyamaza, ingawa hakuridhika.

Msimu wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Mbegu zile ni ghali na ndogo, hata unazichanganya na mchanga ndipo uweze kuzimwaga kwenye mfereji. Zikiota, huzitofautishi na magugu. Siku niliyompeleka mtoto kliniki, vibarua wawili walipalilia nusu ya shamba, likabaki jeupe. Walijivunia kweli! Kosa lilikuwa langu, sikuwaonyesha. Msimu uliofuata nilichomeka vijiti kwenye kila mstari, nikapalilia mwenyewe kwa mkono.

Kayongo ilipungua polepole. Msimu wa nne nilitoa magunia matatu pale nilipokuwa nikipata moja. Lakini kilichomgeuza Mama ni ng'ombe. Kiangazi kile hakwenda tena kukata majani barabarani, na maziwa yakaongezeka. Akaanza kufukuza mbuzi wa watu kwenye desmodiamu yangu.

Zamani majirani waliokataa nilikuwa nawaita wakaidi. Siku hizi siwaiti hivyo. Mmoja hukodi shamba msimu kwa msimu. Desmodiamu hukaa ardhini miaka, sasa agharamie mbegu ili mwenye shamba aje afaidi? Mwingine hana hata mbuzi, majani yote yale angempa nani?

Mwezi jana shemeji wa jirani alikuja kuomba. Mama ndiye aliyemkatia mashina ya desmodiamu ya kupanda, nguo yake ikijaa majani yaliyomganda, huku akimwonya: "Usiwaachie vibarua peke yao."