Nilivyopanga flai zangu kwa uzito nikaachana na mambo ya rangi

Mshipi nimevua tangu mdogo hapa Malindi, lakini hii ya kurusha flai (chambo bandia cha manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana) nimeianza kama miaka miwili hivi, na kilichonitesa si kurusha, ni lile boksi la kuzipanga. Kuna jamaa mmoja alinishauri ninunue seti nzima, flai sitini, ati nizipange kwa rangi, nyeupe huku nyekundu kule. Nikatoa elfu tano na kitu. Siku ya kwanza karibu na mlango wa Sabaki nikabadilisha flai kama kumi na mbili, sikuguswa hata mara moja, na jioni nikazirudisha mbichi hivyo hivyo na maji ya chumvi. Wiki moja baadaye nafungua, kutu tupu, hata zile ambazo sikuzitumia zimeambukizwa. Iliniuma sana.

Nikamwendea ami yangu, yeye bahari ndio kazi yake. Akaishika moja, akaipima kiganjani, akaniuliza, "Mwanangu, chubwi ya kuizamisha iko wapi hapa?" Nikamwambia haina. "Basi samaki wako chini nawe wampitishia chambo juu."

Hapo ndipo nilipoielewa flai moja iitwayo Clouser. Hiyo flai aliitengeneza Bob Clouser wa Pennsylvania, Marekani, miaka ya 1980, kwa ajili ya samaki wa mtoni wanayemuita smolimauthi, kule mto Susquehanna. Ina macho mawili ya risasi yaliyofungwa juu ya shina la ndoana, kwa hiyo ikiingia majini inageuka, ncha inatazama juu, hainasi mawe ovyo. Ukivuta inaruka, ukiachia inadondoka kichwa mbele, kama dagaa aliyeumia. Sasa fikiria miamba yetu hii, si ndiyo yenyewe! Nazifunga mwenyewe siku hizi, manyoya ya beberu mweupe badala ya mkia wa paa wa kwao, na kwa flai nyepesi macho nakata kwenye ule mnyororo wa vishanga vya chuma wa kizibo cha sinki.

Sasa kupanga. Nilichukua mtungi wa lita 20, nikaukata juu, nikaujaza maji ya bahari (si ya bomba, maji ya chumvi yanainua kitu zaidi), nikawa nadondosha flai moja moja huku nahesabu. Mwanzo hesabu zilinichanganya, flai ile ile leo tatu kesho saba, kumbe manyoya makavu yanabeba hewa! Lazima uizamishe kwanza, uikamue kwa vidole humo humo majini mpaka vile viputo viishe, halafu ndio uiachie. Nikakaa uani asubuhi nzima, watoto wa jirani wananihesabia kwa sauti, na nilifurahi kweli, manake flai mbili zinazofanana kama mapacha moja ilifika chini kwa mbili nyingine kwa sita. Kwa macho usingejua kamwe.

Basi mstari wa kwanza zinazozama haraka, wa pili za kati, wa tatu zinazoelea. Nimezichomeka kwenye soli ya patipati niliyookota ufuoni, nikaikata iingie kwenye kopo la plastiki. Rangi inakuja mwisho kabisa, Sabaki ikishusha tope natoa nyeusi, kaskazi maji yakiwa meupe natoa nyeupe na kijani cha ndimu. Zilizotumika haziingii humo mpaka zioshwe maji baridi yasiyo na chumvi na zikauke kabisa, mi nazianika dirishani usiku kucha.

Mwezi uliopita maji yanajaa, nje ya hifadhi ya bahari lakini, mle ndani hakuvuliwi, nilipata kolekole wawili kwa flai za mstari wa kwanza. Flai nyingine akaondoka nayo mzia, akakata kamba kwa meno kama wembe, kwa hiyo ukienda penye mzia tia kipande cha waya mbele ya flai. Ile nafasi yake kwenye patipati bado iko wazi, nasubiri ami achinje beberu.